Siku Tuliyokimbia Soko la Kamba

Baada ya mabomu ya Kampala, walinzi wa Mbarara walianza kutupekua mifuko hata tulipokuwa tumekwenda kununua uzi na zipu tu. Mimi ni fundi cherehani. Nimetoka Uvira, upande wa Kongo, na cherehani yangu ipo Misiera, humu kambini Nakivale tunakoishi wakimbizi, kwenye kibaraza cha duka la mchele. Kila baada ya wiki chache hupanda gari kwenda Mbarara kutafuta vitambaa, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili cha Uganda, kile cha polisi na wachuuzi, chenye maneno machache na kazi nyingi. Kiswahili hicho ndicho kilichoniingiza katika mambo haya.

Asubuhi moja alikuja mwanamke wa makamo, Mnyankole, mwenyeji wa upande wa Mbarara, viatu vyake vyeusi vimekuwa vyekundu kwa vumbi la barabara ya Kabingo. Alisimama akitazama mkono wangu ukizungusha gurudumu la cherehani.

"Nyabo," aliniita, kama Waganda wanavyosema bibi, "unasikia Kiswahili yangu?"

"Ninasikia."

"Na Kirundi?"

"Ninasikia. Majirani wangu ni Warundi."

Akavuta kiti cha wateja, akaketi. Alisema kazi yake ni kupanga miji. Yeye na wenzake walikuwa wamepewa soko moja la Mbarara walichore upya, kwa sababu ya mabomu: milango iwe wapi, njia ziwe pana kiasi gani, nguzo za zege zisimame wapi ili gari lisiweze kuingia katikati ya watu. Walikuwa wamekwisha kuchora.

"Lakini karatasi haiwezi kukimbia," alisema. "Mimi nataka kuona watu wakikimbia."

Walitaka kuchukua uwanja mtupu, wachore soko zima kwa kamba na chokaa, kwa ukubwa wake halisi, kisha watu waingie, king'ora kilie, watu watoke. Wengine wangelala chini kama waliopigwa. Nilimuuliza kwa nini asichukue wachuuzi wenyewe wa Mbarara, maana soko ni lao.

"Wamekataa. Wanasema hii kitu italeta mkosi. Mama mmoja wa ndizi aliniambia mtu hafanyi mazoezi ya kufa."

"Ndipo mkatukumbuka sisi."

Alitazama viatu vyake. "Nyinyi mnajua," alisema, na hakumalizia.

Nilikubali kuwa mkalimani. Kazi ilikuwa nzuri, ya siku moja, yenye chakula, na kila mtu Nakivale anajua kwamba kazi ya siku moja yenye chakula haijadiliwi sana. Nilizunguka kwa Wakongomani wenzangu na kwa Warundi. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu. "Banatulipa juu ya kukimbia?" aliuliza mama mmoja wa kwetu. "Ile miaka yote tulikimbia bure, kumbe ni kazi!" Wengi walikubali.

Mtu wa mwisho kumwuliza alikuwa jirani yangu wa nyuma ya nyumba, bibi wa Kirundi aliyelima maharage kwenye kiwanja chake na kuvaa rozari shingoni mchana na usiku. Mimi humwita koko, kama tunavyowaita mabibi kwetu. Sikutaka kumwuliza, kwa sababu ya magoti yake, lakini alikuwa amekwisha kusikia.

"Nitakwenda," alisema.

"Koko, ni mbio."

"Nitatembea. Nataka kuiona Mbarara. Mara moja tu nilipelekwa, hospitali, nimelazwa chali. Niliona dari ya gari na mawingu."

Basi akapanda lori nasi. Alikaa karibu yangu, juu ya gunia, akitazama migomba ya Isingiro na kunionyesha kila bango la barabarani kana kwamba lilikuwa limechorwa kwa ajili yake. Tulipita Kabingo watu wakiimba nyimbo za kanisa. Kabla ya kuingia mjini lori liliacha lami na kushuka kwenye njia ya majani, na hapo nyimbo zikakatika. Hakuna aliyesema tunyamaze. Lori lilipinda tu kwenye njia isiyo na nyumba, na watu wakanyamaza.

Uwanja ulikuwa malisho yaliyo wazi, na upande wa chini palianza mashamba ya migomba, mengi, yakishuka hadi kwenye mafunjo. Katikati ya malisho ndipo lilipokuwa soko. Vijiti vilikuwa vimechomekwa ardhini, na kati yake kamba nyeupe zimefungwa usawa wa kiuno. Kila chumba cha duka kilikuwa na kamba zake, kila njia imechorewa mpaka kwa chokaa. Penye mlango, kamba iliachwa wazi na bendera ya kijani ikasimamishwa. Upepo ulipovuma kamba zote zilitoa sauti moja nyembamba. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wamesimama pembeni wakitutazama bila kutafuna.

Wapangaji wa miji walikuwa wamejenga mnara wa miti wa kusimamia na kamera. Yule mwanamke, ambaye sote sasa tulimwita ofisa, alipanda juu. Mimi nilisimama chini yake na kipaza sauti. Walituvisha vitambaa mkononi: vyeupe kwa watakaokimbia, vyekundu kwa watakaolala. Koko aliletewa chekundu kwa sababu ya umri wake. Alikikunja vizuri akakirudisha, akaomba cheupe.

Kisha watu waliingia sokoni, na hapo niliona jambo ambalo halikuniogopesha wakati ule, ila baadaye. Watu waliziheshimu zile kamba. Mtoto mdogo angeweza kupita chini yake, lakini watu wazima walipanga foleni mlangoni. Mwanamume mmoja alipotaka kwenda duka la pili alizunguka njia yote, akafika penye bendera, akasema hodi. Walikuwa wamepewa maboksi matupu yawe bidhaa. Yule mama aliyecheka kuhusu kulipwa alipanga yake sita kwa sita, akaanza kuita: "Ndagala! Ndagala ya leo leo!" Mwenzake akainama, akanusa boksi tupu, akakunja uso. "Hii ni ya juzi." Wakagombana bei mpaka nikasahau kwamba hapakuwa na samaki.

Mara ya kwanza hawakupiga king'ora. Watu walitoka wakitembea, wakitaniana, kila mmoja kwa mlango ulio karibu naye, mpaka kwenye bendera ya buluu chini ya mti, palipokuwa na makreti ya soda. Wenye vitambaa vyekundu walilala, wakasinzia kidogo, wakaamshwa kwa vicheko. Juu ya mnara wapangaji walionekana kuridhika. Tulirudi ndani.

Ofisa aliinama kutoka juu. "Sasa waambie, wakisikia king'ora, wakimbie vile watu wanakimbiaga kweli."

Nikasema kwa kipaza sauti: "Mukisikia ile kelele, mukimbie vile bantu banakimbiaka kweli." Nikarudia kwa Kirundi.

Mzee mmoja aliuliza: "Tukimbie tufike fasi gani?"

"Kwenye bendera ya buluu," ofisa alisema. "Pale ni salama."

Nikatafsiri. Mzee aliitazama ile bendera kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenyeji wake.

King'ora kikalia.

Nilingojea mayowe. Ofisa aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekwisha kuziba sikio moja. Hayakuja. Watu wale wote, pamoja na yule mama wa ndagala aliyekuwa na sauti ya kuvuka ziwa, hawakutoa neno. Kilichosikika ni nguo zikisuguana na miguu juu ya majani. Wala hawakukimbia. Waliinama, kila mmoja akaokota kitu, boksi tupu, kandambili, fimbo, wakakipakata. Wanawake walifunga maboksi mgongoni kwa vitenge. Mmoja alikuwa ameweka kiganja juu ya kinywa chake mwenyewe. Milango ilikuwa mingi. Walitoka kwa mmoja tu, ule tulioingilia, mtu nyuma ya mtu, kila mkono umeshika nguo ya aliye mbele. Ile milango mingine yote ilibaki mitupu, bendera zake zinapepea.

Mstari ulipita chini ya mti, kwenye bendera ya buluu. Haukusimama. Ulipita makreti ya soda kama mtu anavyopita jiwe, ukaingia kwenye migomba.

Yaliyofuata siwezi kuyapanga vizuri. Najua nilikuwa chini ya mnara. Najua kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Halafu nilikuwa kwenye kivuli cha kijani, majani ya migomba yananipiga usoni, na kidole changu kimeshika mkanda wa gauni la mwanamke nisiyemjua, nami nimeshikwa nyuma na mtu mwingine. Sikuwa na hofu. Akili yangu ilikuwa imetulia kuliko siku nyingi. Nilikuwa nikiwaza tu kwamba tusikanyage majani makavu.

Mwanamke aliyekuwa mbele alisimama ghafla penye mfereji, nikamgonga. Aligeuka. Tulitazamana. Polepole niliona uso wake ukirudi, na nadhani naye aliona wangu ukirudi.

"Dada," aliniuliza kwa kunong'ona, "nani ametuambia tupite huku?"

Mtu mmoja nyuma yetu akaanza kucheka, mwingine akaanza kulia, na vilio na vicheko vikaenda vikipokezana hadi mwisho wa mstari, na kwa sauti hizo tukajua kwamba imekwisha.

Tulirudi juu kwa makundi. Wapangaji walikuwa wanateremka malishoni wakikimbia, ofisa mbele yao. Pale sokoni wenye vitambaa vyekundu walikuwa wamekaa kati ya kamba, wamesogeleana. Mwanamume mmoja wao aliniambia: "Nilisikia miguu inapita karibu na kichwa changu, mingi, na hakuna sauti. Nikafungua macho, hakuna mtu. Nilijua nimekufa kweli. Nilikuwa najiuliza tu kwa nini ng'ombe bado wapo."

Tukanywa soda. Chupa ziligongana, na watu wakaanza tena kutaniana. Tulipokuwa tunapanda lori ndipo niliona gunia la koko halina mtu.

Niliita. Watu wakaita. Kwa magoti yake hakuweza kuwa mbali, lakini hakuwepo. Ofisa alivua viatu vyake akavishika mkononi. "Twende, mimi na wewe," alisema. "Wengine wabaki na lori, tusiwatie hofu watu wa kijiji cha huko chini."

Tulishuka migombani. Nilidhani alikuwa akiogopa kupoteza mkimbizi wa watu, na pengine ilikuwa hivyo, lakini alipoanza kusema hakusema habari ya kazi.

"Mimi nilikuwa Kampala siku ile. Kwenye mkutano. Vioo vilianguka kama mchele." Alisogeza jani la mgomba. "Toka siku ile, nikiingia kanisani, mimi nahesabu milango. Nikienda harusi, naona ile ukuta itaangukia nani. Bibi harusi anapita, mimi naangalia ukuta. Leo nilitaka nione watu wakitoka salama. Hiyo tu. Nilitaka niione na macho."

"Wametoka," nilimwambia.

"Hiyo si kutoka," alisema. "Sijui ile ni nini."

Nyumba ya kwanza tuliyofikia mlango wake ulikuwa wazi. Alipiga hodi kwa Kinyankole. Hakuna aliyeitika. Uani, sufuria ya maharage ilikuwa inachemka juu ya mafiga, povu likimwagikia motoni. Redio ilikuwa inazungumza ndani peke yake. Tulisubiri kidogo, tukaiepua ile sufuria, tukaendelea.

Nyumba ya pili pia ilikuwa wazi. Nguo mbichi zilikuwa kwenye beseni, kipande cha sabuni kinaelea. Mbuzi alikuwa amefungwa, kamba imezunguka mti mpaka imemkaba, akatutazama. Hakuna mtu. Ya tatu ilikuwa na sahani za chakula mezani, zimeliwa nusu, na kikombe cha chai ambacho ofisa alikigusa.

"Ni ya moto," alisema.

Tulisimama katika uwanja ule uliofagiliwa. Jua lilikuwa bado juu. Hapakuwa na kuku, wala sauti ya mtoto, wala jembe likigonga popote. Nilijua vijiji vya namna ile. Nimewahi kupita katika kimoja nyuma ya Uvira, na chai ilikuwa ya moto vilevile, na waliokinywea kile kikombe hatukuwaona tena. Nikamshika ofisa mkono. Nilikuwa tayari kumwambia turudi nyuma, tusipite njiani, tupite mafunjoni, na maneno yalikuwa kinywani, kwa Kiswahili cha kwetu, ndipo yeye aliposema polepole:

"Wametuona sisi. Watu wanapita katikati ya shamba, wengi, hawasemi kitu, wamebeba mizigo. Wewe ungefanya nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kijiji kizima kilikuwa kimeuona mstari wetu ukitoka kwenye migomba bila sauti, na hakikungoja kuuliza. Kilikuwa kimekimbia.

Tulimpata koko kwenye nyumba ya mwisho, karibu na mafunjo. Mlango wa ua ulikuwa umefungwa kwa ndani na gogo limeegemezwa. Ofisa aliita mara nyingi kabla gogo halijasogezwa. Koko alisimama mbele yetu na panga mkononi, panga la kukatia ndizi. Alipoona ni mimi alilishusha, lakini hakutoka mlangoni.

"Ingieni upesi," alisema. "Fungeni."

Ndani, kwenye mkeka kivulini, alikuwa amekaa ajuza wa Kinyankole, mwembamba sana, miguu yake imenyooshwa mbele, imevimba. Karibu yake palikuwa na rundo la ndizi nusu zimemenywa. Kirundi na Kinyankole ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Mabibi wale walikuwa wameelewana vya kutosha. Watu wa nyumba walipokimbia, ajuza hakuweza kusimama. Wanawe walimwambia watarudi kumchukua. Koko alipita akaona mlango wazi na mtu ndani.

"Koko, ni mazoezi tu," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Hakuna anayekuja. Ni ile kazi tuliyokuja kufanya."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

Alifikiri. Koko hasemi uongo. "Tangu mlipokuwa pale kwenye mfereji, mimi nikiwa huku. Niliwasikia mkicheka."

"Mbona hukurudi?"

Alitazama nyuma, kwenye mkeka. "Mama mkwe wangu alikuwa na miguu kama ile. Alituambia twende, tukaenda. Nilimwekea maji." "Sasa huyu nimemkuta. Watoto wake wamekwenda. Ningempitaje tena?"

Ofisa alikuwa amepiga magoti mbele ya ajuza, akimwamkia kwa heshima, akimwita kaaka, kama wao wanavyowaita mabibi zao. Alifungua kinywa kumweleza yote: soko, kamba, king'ora. Niliona anatafuta pa kuanzia. Ajuza alimtangulia kwa swali, na ofisa akanigeukia.

"Anauliza nini?" nilisema.

"Anauliza hao waliokuwa wanakuja, wamefika wapi."

Koko alilielewa swali kabla sijalielewa mimi. Akamshika ofisa bega, kwa nguvu. "Usimwambie ni mchezo," alisema kwa Kiswahili. "Ukimwambia ni mchezo, atajua watoto wake walimwacha kwa ajili ya mchezo. Mwambie walipita njia nyingine."

Niliirudia sentensi hiyo kwa ofisa, kwa Kiswahili chake, ingawa aliisikia vizuri. Nadhani nilitaka apate muda. Aliinamisha kichwa. Kisha akamjibu ajuza kwa Kinyankole, maneno machache, na nikaona yale mabega membamba yakishuka. Ajuza alishukuru Mungu, akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.

Watu wa kijiji tuliwakuta kwenye mafunjo, wamechuchumaa ndani ya maji hadi mapajani, watoto wamebebwa, hakuna aliyekohoa. Ofisa alisimama ukingoni akawaita kwa lugha yao kwa muda mrefu. Walipotoka, mwenyekiti wao alikuwa na hasira iliyomfanya ashindwe kumaliza maneno, na ofisa aliipokea yote, amesimama peku, viatu mkononi. Wana wa ajuza walikuwa wa kwanza kupita. Hawakumtazama mtu usoni. Walipofika nyumbani walimkuta mama yao akiwamenyea ndizi, na koko akiwasha moto.

Usiku huo lori liliturudisha Nakivale. Koko alilala begani kwangu njia nzima.

Baadaye ofisa alikuja tena Misiera, akaketi kwenye kile kiti cha wateja. Alisema mkubwa wake aliitazama picha ya kamera akafurahi. Soko lilikuwa limebaki tupu kwa muda mfupi sana, na bila kukanyagana. Mkubwa huyo alitaka mazoezi yarudiwe, na vipaza sauti vingi zaidi. Ofisa akaniuliza kama ningekubali kutafsiri.

"Hapana, nyabo," nilisema.

"Nilijua. Ilinibidi niulize."

Walirudia na askari wanafunzi. Alisema askari walipiga kelele sana, walisukumana, walicheka, wakatoka kwa milango yote. Kila kitu kikaenda kama karatasi ilivyotaka. Soko limejengwa hivyo. Nimekwisha kuingia humo kununua bitana. Ni soko zuri, lina hewa, na nguzo za zege zimepakwa rangi ya njano.

Koko sasa huenda kwa kaaka mara kwa mara. Mwana mmoja wa kaaka humlipia boda mpaka Kabingo, kutoka hapo anapakiwa na lori la ndizi. Hukaa siku mbili tatu, wanasali kila mmoja kwa kanisa lake, hurudi na mkungu wa ndizi ambao hunigawia. Mara moja nilimsindikiza. Kaaka alikuwa amepungua, macho yamefunikwa na ukungu, lakini alishika mkono wangu akauliza mimi ni nani. Koko akamwambia nilikuwepo siku ile.

Kaaka akauliza tena swali lake. Wanawe walikuwa uani, wakasimamisha kazi. Nadhani wao huulizwa kila siku.

"Walipita njia nyingine, kaaka," nilisema kwa Kirundi, polepole.

"Umewaona wewe mwenyewe?"

"Niliwaona."

Alitosheka. Wanawe wakarudi kwenye kazi yao. Jioni, mimi na koko tulisimama kando ya barabara tukingojea lori la kuturudisha, na kwa mbali kwenye kilima niliona watu wakishuka katika mstari, wamebeba mizigo kichwani, hawasemi. Walikuwa wanatoka gulioni, bila shaka. Ilikuwa siku ya gulio. Koko naye aliwaona. Tulisogea tu, sote wawili kwa pamoja, tukaingia ndani kidogo ya migomba, tukangoja wapite.